Ni mbaya hivyo? Historia fupi ya 'hivi', 'hivyo' na 'ile mbaya'

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu, mzaliwa wa Mambrui, hadi kwenye zahanati moja huku kwetu Pwani. Tumbo lilikuwa limemuuma usiku kucha, hakupata hata lepe la usingizi. Muuguzi aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimkalisha shangazi, akachukua kalamu, akamwuliza:

"Mama, maumivu ni makali hivyo?"

Shangazi akamtazama. "Hivyo vipi, mwanangu?"

Kijana akadhani mama hasikii vizuri. Akalirudia swali lile lile kwa sauti ya juu zaidi. Shangazi si mtu wa kubishana na anayemhudumia. Akajibu taratibu, "La, si makali hivyo." Likaandikwa jibu hilo. Tukapewa vidonge vya kutuliza maumivu, tukaenda zetu nyumbani. Usiku ule ule tukarudi mbio, safari hii katika hospitali kubwa, na kabla ya alfajiri alikuwa ameshapasuliwa kidole tumbo. Alipona, alhamdulillahi.

Sikumlaumu kijana yule wala simlaumu leo. Lakini swali la shangazi halikunitoka akilini: hivyo vipi? Mwanamke aliyezaliwa na Kiswahili, aliyelelewa na Kiswahili, aliulizwa swali la Kiswahili lenye maneno machache tu, na hakulielewa. Na hakulielewa kwa sababu nzuri. Neno 'hivyo' kwake lilikuwa linarejelea jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja.

Katika makala ya leo nataka tulifuatilie neno hilo pamoja na nduguze, 'hivi' na 'vile'. Tutawaongeza pia wale wawili wanaowakera walimu wengi siku hizi: 'ile' na 'mbaya', wakitembea pamoja. Wasomaji kadhaa wamenilalamikia kwamba vijana wetu wanaharibu lugha kwa kusema 'nimechoka ile mbaya', 'jua linawaka ile mbaya', na kwamba haya yote ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Je, ni kweli? Jibu langu ni kwamba kipo kweli Kiingereza kilichovishwa kanzu, ila tumemkamata mtu siye.

Tuanze na huyo anayeshtakiwa, yaani Kiingereza. Katika lugha hiyo neno 'that' kazi yake ya asili ni kuonyesha: mtu yule, kitu kile. Lakini kwa karne nyingi Waingereza wamelitumia pia kupima. Husema 'that big' wakimaanisha ukubwa wa kiasi hicho, na 'this big' huku mikono imetanuliwa. Neno moja, kazi mbili. Likikaa mbele ya jina, linaonyesha. Likikaa mbele ya kivumishi cha sifa, linapima, na mara nyingi linatilia mkazo.

Hata huko kwao matumizi hayo hayakupita bila maneno. Miongozo ya uandishi wa Kiingereza imeyahesabu kwa muda mrefu kuwa ya mazungumzo kuliko ya maandishi rasmi. Kilichowakera zaidi walimu wao ni pale mtu anaposema jambo fulani si baya 'that', ilhali hakuna aliyekuwa amesema ni baya kiasi gani. Kiashiria kinaonyesha, lakini kikitazamwa kinakoonyesha, hakuna kitu. Kumbe lile swali la shangazi, walimu wa Uingereza nao waliwahi kuwauliza wanafunzi wao.

Sasa turudi nyumbani. Teremka ufuoni Malindi asubuhi, saa ambayo wavuvi wanapandisha samaki. Msikilize mvuvi akimsimulia mwenzake juu ya nguru aliyemponyoka. Atasema, "Nguru mkubwa hivi!" na mikono itakuwa imetanuka. Hawezi kusema "nguru mkubwa huyu", kwa sababu nguru mwenyewe hayupo, amekwisha kwenda zake. 'Huyu' humwonyesha samaki. 'Hivi' huuonyesha ukubwa wake. Mswahili ameigawa kazi ile ambayo Mwingereza ameilundika juu ya neno moja.

Na angalia alivyoigawa. Kiashiria cha kawaida hufungwa na ngeli ya jina lake: samaki huyu, jahazi hili, chombo hiki, nyavu hizi. Kikishafungwa hivyo hakiwezi tena kupima sifa, kwa kuwa kinamtumikia mwenye sifa. Basi lugha ikachukua kiashiria cha vi-, kiambishi kile kile tunachokikuta katika 'vizuri', 'vibaya' na 'vigumu', ikakipa kazi ya namna na kiasi. Ndiyo maana 'hivi' haibadiliki hata jina likibadilika: samaki mkubwa hivi, jahazi kubwa hivi, mawimbi makubwa hivi. Sifa inafuata ngeli ya jina, lakini kipimo kinasimama pale pale.

Kisha kuna jambo la pili, nalo ndilo lililomkwaza shangazi. Viashiria vya Kiswahili viko makundi matatu, na kila kundi lina shahidi wake. 'Hivi' shahidi wake ni macho: ninakuonyesha kwa mkono, kwa fimbo, kwa chochote kilicho mbele yetu. 'Hivyo' shahidi wake ni maneno: jambo limekwisha kutajwa, na sasa ninalirudia. Ile '-o' ya mwisho ni kama kidole kinachoonyesha nyuma, kwenye kilichosemwa. 'Vile' shahidi wake ni kumbukumbu: kitu kiko mbali, lakini mimi na wewe tunakijua. Mvuvi akirudi salama katika siku ambayo watu walitabiri dhoruba, atasema, "Bahari haikuwa mbaya vile." Vile gani? Vile mlivyohofia, vile tulivyozoea kuiona wakati wa kusi.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Nasikia Mambrui ni mbali, mtu hutembea kutwa nzima," nami nikamjibu, "Si mbali hivyo," nimesema Kiswahili safi. 'Hivyo' yangu ina pa kushika, nayo ni ile 'kutwa nzima' yake. Lakini nikimkuta mgeni stendi, hajasema neno, nikamwanza kwa "Mambrui si mbali hivyo", nimemtupia kamba isiyofungwa popote. Anaweza kunielewa, hasa kama naye amesoma Kiingereza. Shangazi yangu hataelewa.

Haya si mambo niliyoyatunga mimi. Yana historia iliyoandikwa, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa papa hapa, katika eneo ambalo leo tunaliita Kaunti ya Kilifi.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamisionari la Uingereza, aliwasili Mombasa. Mwaka ule ule mkewe na mtoto wao mchanga wakafariki. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, na wawili hao wakahamia Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda nyuma ya Mombasa. Rabai ndiko Krapf alikoendelea na kazi yake ya lugha. Mwaka 1850 huko Tübingen kikachapishwa kitabu chake cha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, akikilinganisha na lugha aliyoiita Kinyika, jina ambalo Wamijikenda wenyewe wamelikataa. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, miezi michache baada ya kufa kwake.

Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: Krapf alikisikia Kiswahili cha Mombasa na vitongoji vyake, na alikisikia kikiwa jirani na Kimijikenda. Jozi hiyo haikuwa ya bahati. Wataalamu wa leo wanaziweka lugha hizi katika jamii moja, pamoja na Kipokomo, Kiilwana na lugha za Visiwa vya Ngazija, na wameipa jamii hiyo jina la Sabaki. Ni jina la mto wetu huu unaomwaga maji yake baharini kati ya Malindi na Mambrui. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika historia ya jamii hiyo katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 1993. Shangazi yangu amevuka daraja la Sabaki maisha yake yote bila kujua kwamba lugha yake imeitwa kwa jina la mto ule.

Undugu huo unajionyesha hata katika viashiria. Mgiriama husema 'mutu yuyu' pale ambapo sisi tunasema 'mtu huyu'. Sasa mwulize Mswahili aseme jambo hilo kwa mkazo. Atasema 'mtu yuyu huyu'. Yaani 'yuyu' ambayo kwa Mgiriama ni kiashiria cha kawaida tu, kwa Mswahili imekaa katika mkazo: yuyu huyu, kiki hiki, vivi hivi, papa hapa. Watoto wetu wanafundishwa mambo haya shuleni kwa jina la viashiria visisitizi, na wengi hudhani ni mapambo ya mtihani. La hasha. Kaa barazani Malindi jioni moja usikilize. Utaambiwa kwamba fulani alisimama papa hapa, akasema maneno yaya haya.

Hebu tuone tofauti na Kiingereza inavyozidi kupanuka. Mwingereza akitaka kutilia mkazo sifa, anaweza kuiwekea kiashiria mbele. Mswahili akitaka kutilia mkazo kiashiria, anakikariri kiashiria chenyewe: yule yule, vile vile, pale pale. Sifa nayo ina mkazo wake wa kando. Ipo 'sana', ipo 'mno', ipo 'kabisa', na vipo vile viigizi ambavyo kila kimoja kina rafiki yake: nyeupe pe, nyeusi tititi, giza totoro. Kila mkazo una mlango wake.

Baada ya Krapf walikuja wengine. Edward Steere alikisikiliza Kiswahili cha Unguja, akatoa mwongozo wake mwaka 1870. Huko tayari yale makundi matatu ya viashiria yamepangwa, na lile la '-o' limeelezwa kuwa la jambo lililotajwa. William Ernest Taylor, aliyefanya kazi Mombasa na miongoni mwa Wagiriama, alichapisha mwaka 1891 msamiati wa Kigiriama na pia mkusanyo wa methali za Kiswahili. Msaidizi wake mkuu katika Kiswahili alikuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na bila wawili hao sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji ingetupotea. Mwaka 1944 E. O. Ashton alitoa sarufi yake mashuhuri, ambamo ile '-o' ya urejeleaji ilipewa nafasi yake kamili.

Lakini kati ya Taylor na Ashton lilipita jambo kubwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kijengwe juu ya Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ili kusimamia uamuzi huo. Ndiyo, uamuzi wa kukiacha Kimvita ulipitishwa papo hapo Mombasa. Mpaka leo mtoto wa Malindi akiandika 'hichi' badala ya 'hiki', au 'hini' badala ya 'hii', anakatwa alama, ingawa hizo ni sauti za babu zake na washairi wa mwambao huu walizitumia bila haya. Sisemi usanifishaji ulikuwa kosa. Bila huo, mimi na msomaji wangu wa Kigoma tusingeelewana kwa urahisi huu. Nasema tu kwamba ulituachia tabia moja mbaya: tukisikia umbo lisilo la kitabuni, tunakimbilia kudhani ni kosa au ni la kigeni.

Kwa upande wa viashiria vya kiasi, Kiunguja na Kimvita havikugombana. Yale makundi matatu ni yale yale. Kilichokuja kuvuruga mambo kilipitia mlango mwingine.

Mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo wa shule. Kiswahili kilibaki somo, na kwa miaka mingi halikuwa somo la kutahiniwa kwa lazima. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1985 ulipoingia mfumo wa 8-4-4. Katiba ya 2010 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Hapo katikati, vizazi viwili vitatu vya Wakenya vilijifunza kufikiri mambo ya ofisini, ya hospitalini na ya mahakamani kwa Kiingereza, kisha kuyasema kwa Kiswahili. Mwenye kazi ya aina hiyo hutafsiri kichwani hata asipojua kwamba anatafsiri.

Ndipo ilipozaliwa ile 'hivyo' tupu. "Chakula si kibaya hivyo." "Mtihani haukuwa mgumu hivyo." "Sipendi mpira hivyo." Siku hizi vijana wameifupisha hata zaidi, wanasema 'si kihivyo'. Hakuna aliyesema chakula ni kibaya. Hakuna aliyepima ugumu wa mtihani. 'Hivyo' hapa haionyeshi nyuma wala mbele. Inapunguza makali ya sentensi tu, kama 'that' inavyofanya katika Kiingereza cha mazungumzo. Umbo ni letu, herufi kwa herufi. Kazi ndiyo ya kuazima. Na mkopo wa namna hii ni mgumu kuugundua kuliko neno kama 'meneja' au 'sukuli', kwa sababu umeingia bila mzigo mkononi.

Sasa tumgeukie mshtakiwa wetu mwingine, 'ile mbaya'.

Mwaka jana mpwa wangu, aliye katika shule ya upili ambayo sitaitaja, alinionyesha insha yake. Aya ya kwanza ilianza, "Shule yetu haiko mbali hivyo." Mwalimu alikuwa ameipitisha bila alama yoyote. Aya ya tatu ilisema, "Mvua ilinyesha ile mbaya." Hapo kalamu nyekundu ilikuwa imepita mara mbili, na pembeni pameandikwa: "Usitafsiri Kiingereza!" Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, Kiingereza chake ni kipi?" Nikajaribu kukitafuta. Sikukipata. Mwingereza hasemi kwamba mvua imenyesha 'that bad one'. Akisema hivyo hataeleweka.

'Ile mbaya' ni kitu cha hapa hapa Kenya, cha mitaani, cha matatu, na hakina umri mkubwa. Lakini mifupa yake ni ya Kiswahili cha zamani. Tuipasue tuone ndani.

Kwanza, haibadiliki. Jua linawaka ile mbaya. Watoto wamelala ile mbaya. Viatu vimenibana ile mbaya. Jua ni la ngeli yake, watoto ni wa ngeli yao, viatu ni vya ngeli yao, lakini 'ile' imesimama pale pale kama 'hivi' ya mvuvi wetu. Kwa hiyo haimwonyeshi mtenda wala mtendwa. Inaonyesha nini basi?

Pili, 'ile' ni kiashiria cha ngeli ambamo tunakuta maneno kama namna, hali, njia na aina. Mimi naamini kwamba jina mojawapo kati ya hayo limejificha hapo. Watoto wamelala namna ile mbaya. Jina limedondoka, kiashiria na sifa vimebaki, na viwili hivyo kwa pamoja vimekuwa kielezi cha mkazo.

Msomaji atauliza, je, Kiswahili kina tabia ya kuficha majina namna hiyo? Kinayo, tena ya kale. Tunaposema 'nenda zako' au 'tulienda zetu', hizo 'zako' na 'zetu' ni za nini? Wengi wamezieleza kuwa ni njia: nenda njia zako. Tunaposema 'lisemwalo lipo', kinachosemwa ni neno au jambo, lakini halitajwi. Tunaposema 'hana lake', hatuulizi lake nini. Mswahili huliacha jina, akaubakisha upatanisho wake kama alama ya mguu mchangani. Anayejua lugha ataujua mguu.

Tatu, na hili ndilo tamu zaidi, kiashiria kilichochaguliwa ni 'ile', wala si 'hii' au 'hiyo'. Kumbuka tulivyosema juu ya kundi la '-le': shahidi wake ni kumbukumbu ambayo mimi na wewe tunaishiriki. Kijana akisema amechoka ile mbaya, anamwambia mwenzake: namna ile unayoijua, ile mbaya. Hapimi kwa mkono wala kwa maneno yaliyotangulia. Anapima kwa maisha yao wawili. Ndiyo sababu neno hili lina joto mdomoni mwa vijana na linapoa vibaya sana kwenye barua ya kuomba kazi. Msomaji wa barua ile hakuwapo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. 'Ile mbaya' ni lugha ya mazungumzo, na katika insha rasmi mwalimu ana haki ya kuikataa. Lakini aikatae kwa sababu ya rejesta, asiisingizie Kiingereza. Na akiwa na wino uliobaki, aupeleke kwenye aya ya kwanza, akaulize pembeni pa 'haiko mbali hivyo' swali la shangazi: hivyo vipi? Mtoto wetu alipatia mahali alipokatwa, akakosea mahali alipopitishwa.

Kuna watakaosema ninajisumbua bure. Lugha hubadilika, na 'hivyo' tupu inaelewekwa na mamilioni. Kweli. Sitarajii kuirudisha chupani. Wala sitasema kila atumiaye 'si mbaya hivyo' katika soga za jioni anaivunja lugha. Hoja yangu ni juu ya mahali ambapo kipimo kina uzito. Mahakamani, karani akimwuliza shahidi, "Giza lilikuwa kali hivyo?" anapata jibu la adabu, hapati ushahidi. Hospitalini, kama tulivyoona, anapata 'la, si makali hivyo' kutoka kwa mama ambaye tumbo lake linataka kupasuka. Watu wazima wa Pwani wamelelewa wasikuze shida zao mbele ya wageni. Ukimpa mtu kama huyo kipimo kitupu, atakijaza kwa heshima.

Na wala tiba si ngumu. Kiswahili kinayo maswali ya kiasi yaliyo kamili. Maumivu ni makali kiasi gani? Yanakuzuia kulala? Yanakuzuia kutembea? Au tumia kundi la macho: nionyeshe, yanafika hapa? Au kundi la kumbukumbu: ni makali vile yalivyokuwa wakati ule wa uzazi? Kila mojawapo lina pa kushika. Mwenye kuhojiwa atajua anapimwa kwa nini.

Usiku ule wa pili, katika hospitali kubwa, alitupokea muuguzi wa makamo, mwenyeji wa huku. Hakumwuliza shangazi kama maumivu ni makali hivyo. Aliinama, akamshika bega, akasema, "Yauma vipi, mama?" Shangazi akavuta pumzi.

"Yauma, mwanangu, kama kisu cha kuparia samaki. Hapa." Akaweka mkono upande wa kulia, chini ya kitovu. "Papa hapa."

Daktari aliitwa mara hiyo hiyo.